Ushauri: Kaka anataka hati ya nyumba ya wazazi akajenge gesti ya "watu wa gesi" Lindi

Binti Mitwero
Habari zenu wanajamvi. Tangu habari za kiwanda cha kusindika gesi pale Likong'o zirudi redioni, kwetu hakukaliki. Madalali wanabisha hodi kabla ya chai. Marehemu baba alituachia nyumba mjini na shamba la mikorosho Mitwero. Kaka anataka hati ya nyumba iwe dhamana, akope milioni 40 ajenge gesti ya vyumba kumi. Mama kamwachia yeye uamuzi, kisa ndiye mwanaume. Nikipinga naambiwa nina roho ya korosho. Nimekosea?

Mkazi wa Shangani
Hujakosea, dada. Mimi nilifanya hivyo hivyo Mtwara 2012. Meli za utafiti wa gesi zinahudumiwa bandarini, mjini kila mtu anasaka nyumba ya kumpangishia mgeni. Mwalimu aliyepanga kwangu nilimtoa kwa notisi ya mwezi mmoja, Mungu anisamehe. Samaki akapanda bei, kwa mgeni na kwa mwenyeji yule yule asiye na mshahara wa gesi. Nikakopa, nikajenga vyumba vinane vyenye kiyoyozi.

Mwishoni mwa 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka, kampuni zikabana matumizi, wageni wakapungua. Bomba la kwenda Dar likazinduliwa 2015, waliolichimbia wakafunga mizigo. Mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba upo, ila kuuendesha hakuhitaji watu wengi kama kuujenga. Nikabaki nalaza madereva wa korosho, nao ni wa msimu. Rejesho la benki halina msimu.

Mjomba Kilwa
Mkuu, usimtishe mtoto wa watu. Wapo waliotoka kimaisha. Na halmashauri inapata ushuru wa huduma kutoka kampuni za gesi.

Mkazi wa Shangani
Mjomba, huo ushuru utamlipia kaka yake rejesho? Waliotoka ni waliouza viwanja mapema, wengi wao madalali.

Mama Wawili
Mdogo wangu, 2023 tuliambiwa mazungumzo ya serikali na kampuni za gesi kuhusu kiwanda cha Likong'o yamekamilika. Mwulize kaka kama amesikia mkataba umesainiwa. Akitaka kujenga, aanze na vyumba viwili kwa hela yake, apangishe manesi na walimu. Hao wapo, gesi ije isije. Mikorosho msiguse. Halafu hati iko kwa jina la nani?

Binti Mitwero
La marehemu baba. Mirathi hatujafungua.

Mama Wawili
Sasa benki gani itapokea hati ya marehemu bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Huyo anayemkopesha ni nani?

Binti Mitwero
Anasema ni "mtu wa benki", atakuja nyumbani Jumamosi na karatasi mama aweke dole gumba.

Mama Wawili
Hati iko wapi sasa hivi?

Binti Mitwero
Kwenye sanduku la mama. Naipeleka kwa shangazi usiku huu.