Tupeane uzoefu: shughuli za maktaba kwa watoto wa miaka 10 hadi 17, Arusha na Moshi

Mleta mada, Arusha

Wadau wa maktaba, habari za kazi. Likizo ya Juni hiyo inakuja. Wadogo wa chekechea wana hadithi zao na picha za kupaka rangi, wazee wana magazeti. Wa darasa la tano hadi kidato cha nne wanaingia na madaftari yao, wanakalia kiti, wanaondoka bila kugusa rafu hata moja. Naomba tupeane uzoefu wa shughuli zinazowafaa hawa wa katikati. Ombi moja tu: tuache historia zetu binafsi, tuweke vipimo. Watoto wangapi, dakika ngapi, vifaa gani, na huwa panaharibika wapi. Tuzungumzie vifaa vinavyopatikana stationari na sokoni, mambo ya wafadhili tuyaweke pembeni.

Mkutubi, Moshi

Kalenda kwanza, shughuli baadaye. Mei ni mitihani ya kidato cha sita, Septemba darasa la saba, Oktoba na Novemba ni darasa la nne, kidato cha pili na cha nne. Miezi hiyo ukumbi umejaa watu wanaojisomea, na ukileta mchezo wa kupiga makofi utagombana nao, tena watakuwa na haki. Shughuli za sauti zipeleke Juni na Desemba, au Jumamosi saa 3 hadi saa 5 asubuhi, barazani. Za kimya (kukunja karatasi, kukarabati vitabu) zinaweza kufanyika ndani mwaka mzima.

Kama jengo lenu lina chumba kimoja, bandika tangazo mlangoni siku 3 kabla, liseme saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Msomaji aliyeambiwa atapanga siku yake. Aliyeshtukizwa ndiye anayekwenda kulalamika ofisini.

Umri: wa miaka 10 hadi 12 usiwaweke kundi moja na wa 15 hadi 17. Mkubwa akiona mdogo wake kakaa meza ileile, kwake hiyo tayari ni michezo ya watoto. Ila mpe huyo mkubwa wadogo 5 awasimamie, utaona anavyokuja mapema. Idadi isizidi 20 kwa watu wazima 2. Na Juni na Julai huku kwetu ni baridi na mawingu, watoto hawatoki nyumbani mapema, kwa hiyo ukiandika saa 2 utaanza na viti vitupu. Jioni wamalize kabla ya saa 11, maana wa Himo au Kiboriloni bado ana hiace ya kusubiri.

Mwalimu wa Kiswahili, Kijenge

Naleta mchezo mmoja unaowapeleka rafuni kwa miguu yao wenyewe: kusaka vitabu kwa vitendawili.

Vifaa: manila 1 ya kukata kadi, penseli, na karatasi ya majibu kwa kila kundi. Kundi ni watoto 4, kadi ni 10, muda ni dakika 50. Kila kadi ina kitendawili, na jibu lake ndilo linaloonyesha rafu. Mfano: "Nyumba yangu haina mlango." Jibu ni yai. Yai linakwenda wapi? Kwenye ufugaji wa kuku, namba 636.5 kwa mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada. "Kuku wangu katagia miibani" ni nanasi, hilo liko 634 kwenye matunda. "Popoo mbili zavuka mto" ni macho, tafuta 612, mwili wa binadamu. Kundi halipati alama kwa kujibu tu. Linapata likiandika namba iliyo mgongoni mwa kitabu na ukurasa unaozungumzia kile kitu.

Wakishindwa, wanatoa mji kama kawaida yetu. Lakini hapa mji wanaoutoa lazima wauonyeshe kwenye atlasi ndipo wapewe jibu. Wengi watatoa Dar es Salaam mara moja, kwa hiyo weka sharti kwamba mji ukishatolewa na kundi lolote haurudiwi. Kufika kadi ya saba utasikia wanatafuta Sumbawanga kwa kidole.

Panapoharibika:

Makundi yote yakianza na kadi ya kwanza, watoto 20 wanabanana kwenye rafu moja. Kundi la kwanza lianzie kadi ya 1, la pili kadi ya 3, la tatu ya 5, na kuendelea.

Katalogi inasema kitabu kipo, rafuni hakipo. Hakikisha kwa macho asubuhi ileile, si jana yake.

Watoto wakirudisha vitabu wenyewe, mpangilio unavurugika na utautengeneza wiki nzima. Kanuni iwe moja: ukitoa, weka mezani. Mwisho unahesabu vilivyo mezani na kuandika idadi kwenye ripoti yako, kwa hiyo faida ni mbili.

Na usitoe ushindi kwa mbio. Ukitoa kwa mbio watakimbia, na sakafu ikiwa imetoka kupigwa deki mmoja atateleza.

Mzazi, Sakina

Mwalimu shikamoo. Hivi wa kidato cha tatu hawatauona huu mchezo wa kitoto?

Mwalimu wa Kijenge

Marahaba. Wataona, ukiwapa kadi zilizoandikwa tayari. Wao wape kazi ya kutunga. Kila mmoja achague namba ya Dewey, asome kurasa 2 za kitabu kilichopo hapo, kisha atunge kitendawili ambacho jibu lake liko kwenye kurasa hizo. Kigumu kwao ni kufupisha. Wanaandika maelezo ya mistari minne halafu wanayaita kitendawili. Weka kikomo cha maneno 6, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Mchora katuni, Arusha

Mimi nachangia kijitabu cha kurasa 8 kutoka karatasi moja ya A4, bila gundi wala pini. Kila mtoto anaondoka na chake, na nakala ya pili mnaiweka kwenye boksi la maktaba, wenzake waje kukisoma.

Laza karatasi upana mbele yako. Ikunje katikati kwa urefu, fungua. Ikunje katikati kwa upana, kisha kila ncha ilete hadi kwenye mkunjo wa kati, fungua yote. Sasa una vyumba 8, safu mbili za vinne. Ikunje tena nusu kwa upana, na kutoka upande uliokunjwa kata kwa mkasi kufuata mkunjo wa katikati, chumba kimoja tu, usimame. Ukifungua, mpasuko uko katikati na kingo zote nzima. Kunja kwa urefu, shika ncha mbili, sukuma ndani hadi mpasuko uachame na karatasi iwe kama alama ya kujumlisha, halafu izungushe iwe kitabu.

Kosa la kwanza ni kukata kutoka upande ulio wazi badala ya ule uliokunjwa: mpasuko unatokea pembeni na kijitabu hakikunjiki. Weka karatasi chakavu 10 za ziada, utazihitaji. Kosa la pili ni kuchora kabla ya kuweka namba, nusu ya picha zinatoka kichwa chini. Karatasi ikiwa imelazwa wazi, safu ya chini kutoka kushoto ni ukurasa wa 6, 7, 8 na 1. Safu ya juu, iliyopinduliwa kichwa chini, ni 5, 4, 3 na 2. Njia rahisi kuliko kukariri: kunja kwanza, andika namba kwa penseli pembeni kabisa, ndipo ufungue na kuchora.

Waambie waache nafasi ya upana wa kidole ukingoni, maana mashine ya fotokopi haifiki mwisho wa karatasi na maneno ya pembeni yatakatwa. Wachore kwa kalamu nyeusi. Bluu hafifu na penseli kwenye fotokopi havionekani. Manila haifai, ni nene na mikunjo inapasuka. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ndiyo yake.

Mlezi wa klabu, Ngarenaro

Bao. Watu wanalikwepa kwa sababu mbao moja ni watoto 2 tu, na mbao 10 ni fedha. Tumieni trei za mayai za karatasi. Trei ya mayai 30 ina mashimo 6 kwa 5, bao linataka safu 4 za mashimo 8. Kata kipande cha safu 4 kwa 6 kutoka trei moja. Trei nyingine inatoa vipande vitatu vya 4 kwa 2. Yaani trei 4 zinatoa bao 3. Gundisha vipande juu ya kartoni, na vile vichwa vinavyochomoza kati ya mashimo vikate kwa mkasi, la sivyo mkono unavigonga na kete zinaruka.

Komwe, zile mbegu za kuchezea bao, ni mambo ya pwani, huku maharage makubwa yanatosha. Kete 64 kwa kila bao, zikae kwenye chupa yake ya plastiki, zihesabiwe kabla na baada. Ikipungua moja, mchezo unaofuata utaishia kwenye ubishi.

Siku mbili za mwanzo wachezeshe la kujifunza, kete 2 kila shimo. Ukianza na bao lenyewe, nyumba (shimo kuu la kila mchezaji) ina 6, mashimo mawili ya jirani 2 na 2, na 22 za kunamua (kuingiza moja moja) mkononi, wageni wanakata tamaa ndani ya robo saa. Wakishazoea, wape wakubwa kazi hii: andikeni kanuni kwenye ukurasa mmoja, kisha mpeni mtu asiyejua bao acheze kwa kusoma tu, ninyi mkiwa kimya. Kila anapokwama pana sentensi mbovu. Hakuna somo la uandishi linalouma kama hilo.

Mkutubi, Moshi

Bao naunga mkono, ila barazani.

Nyongeza kuhusu picha: fomu ya ruhusa ya mzazi iwe na mistari miwili tofauti, mmoja wa kushiriki na mmoja wa kupigwa picha. Wazazi wengine watakubali wa kwanza na kukataa wa pili. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kumrusha mtoto wa watu kwenye makundi ya simu bila ruhusa si jambo la kuchezea. Piga picha ya mikono na vijitabu, inatosha kwa ripoti.

Fundi wa vitabu, Moshi

Msisahau ukarabati. Vijana 8, saa moja na nusu, vitabu vilivyochanika kurasa. Uji wa gundi ni kikombe 1 cha unga wa ngano kwa vikombe 4 vya maji. Koroga baridi kwanza ili usishike madonge, pika moto mdogo hadi uwe mzito na kung'aa, uache upoe. Paka kidogo kwa brashi kwenye mpasuko, bandika ukanda wa karatasi nyembamba, weka nailoni kila upande wa ukurasa kabla ya kufunga kitabu.

Mleta mada, Arusha

Asanteni sana. Fundi, selotepu haifai? Tunayo tele.

Fundi wa vitabu, Moshi

Haifai. Inageuka njano, gundi yake inapenya kwenye maandishi, na ukija kuibandua inaondoka na karatasi. Na baada ya kupaka uji, kitabu kikae chini ya vitabu vizito usiku kucha. Kikirudi rafuni na unyevu kinaota ukungu, na mende wanaupenda unga kuliko sisi.