Udongo wa msitu unaweza kuusoma kwa majani yaliyoota chini?

Kijana_wa_Kibosho:
Wakuu habari za leo. Nipo Kibosho kule juu karibu na msitu, tuna kipande cha babu kama heka mbili hivi, misindano ilishavunwa zamani na sasa nataka kurudishia miti ya asili. Kinachonichanganya ni kwamba shamba ni moja ila ukilitembea utadhani ni matatu. Juu kwenye mteremko ni kangaga (fern) tupu mpaka kiunoni, katikati nyasi na kishonanguo, halafu chini karibu na mfereji kuna yale majani yanayowasha marefu kunizidi na mnafu unajiotea wenyewe, jani moja linajaa kiganja. Mama mkubwa anasema udongo unasomwa kwa majani, nisihangaike na maabara. Ni kweli? Mwaka jana nilipanda miti ya mringaringa kule juu ikadumaa yote, imeniuma sana.

Mama_Vitalu:
Pole mdogo wangu. Mama mkubwa yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Yanayowasha na mnafu vinapenda naitrojeni na fosforasi, vikinenepa hivyo ujue kuna chakula cha kutosha, muulize kama pale hapakuwa na zizi. Fosforasi haiondoki haraka, ndo maana boma la Wamasai lililohamwa zamani unalijua tu kwa majani yake hata kama hakuna kijiti kimebaki. Kangaga ni habari nyingine, linavumilia udongo mchachu wenye tindikali na linapenda palipoungua, shina lake linatambaa chini ya ardhi moto haulifikii kwa hiyo ukichoma linarudi la kwanza kabla ya wenzake wote. Usichome kabisa! Fyeka, likiota fyeka tena, lichoke.

Mdau_Tengeru:
Nakubaliana na dada hapo juu ila naomba tusisome jani moja tukatoa hukumu. Lantana mfano inaota popote palipovurugwa, udongo mzuri mbaya yenyewe inaota tu. Angalia kundi zima, nani yuko na nani na wana afya gani, maana mwanga, moto na mifugo navyo vinachagua nani aote. Wenzetu Finland tangu 1909 mtaalamu wao wa misitu, Cajander, alikuwa anapanga misitu kwa madaraja kwa kuangalia mimea ya chini, na Ujerumani mtaalamu wa mimea Ellenberg mwaka 1974 alitoa namba za mimea, kwa naitrojeni 1 ni mmea wa penye kidogo sana mpaka 9 wa penye nyingi, lakini namba zile ni za mimea ya kwao huwezi kuzibeba ukaja nazo Kilimanjaro. Hapa tunaanza na wazee wanaoyajua majani halafu tunathibitisha kwa kupima. Chukua udongo sehemu kumi hivi kwa kila ukanda, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo upeleke maabara. Kanda tatu mifuko mitatu, usichanganye!

Mangi_Uru:
Niongezee moja tu, kama kuna mti wa msesewe umejiotea chukulia maji hayako mbali. Huku kwetu wazee walikuwa wanaufuata huo na mkuyu wakitafuta chemchemi.

Kijana_wa_Kibosho:
Asanteni sana wakuu. Nimemuuliza mama mkubwa, kumbe babu alikuwa na zizi la ng'ombe palepale penye mnafu, mimi nilikuwa sijazaliwa! Leo asubuhi nimeshuka na jembe, pale chini udongo mweusi unamomonyoka mkononi, minyoo kibao. Kule juu kwenye kangaga nimekutana na vishina vyeusi vimefumana kama kamba, udongo mwekundu, minyoo hata mmoja sijaona. Mringaringa nahamishia chini, juu nafyeka kwanza halafu nijaribu miti ya mfuruanje na samadi kwenye mashimo, na Jumamosi nachukua sampuli zangu tatu. Mwenye miche ya mfuruanje maeneo ya Moshi anishtue.

Mama_Vitalu:
Mfuruanje ninayo, imefika magotini. Njoo pm. Ila subiri mvua zishike kwanza.