Bunduki za moshi za askari wa Mjerumani: walishindaje Tanga mwaka 1914?

Mleta mada

Salaam, wanajukwaa. Kila ninaposoma habari za vita vya Tanga vya Novemba 1914, hukwama mahali pamoja. Kombania nyingi za askari wa Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki, zilikuwa bado zinabeba Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya kutia risasi moja moja tena ya baruti nyeusi, ilhali majeshi ya Waingereza yaliyoletwa kwa meli kutoka India yalikuwa na bunduki za baruti isiyotoa moshi, nyingi zikiwa Lee-Enfield yenye magazini ya risasi 10. Walioshuka walikuwa wapata 8,000. Waliowapokea hawakuzidi sana 1,000. Naomba mwenye ujuzi wa silaha anifafanulie: je, ubovu wa bunduki ile umetiwa chumvi, au ushindi ule ulitokana na jambo jingine kabisa?

Mjukuu wa Keya

Ndugu mleta mada, ubovu haukutiwa chumvi. Mauser ya 1871 ilikuwa bunduki madhubuti ya zama zake, lakini zama zake zilikoma pale Wafaransa walipotoa bunduki ya Lebel mwaka 1886 wakitumia baruti mpya iliyobuniwa na Paul Vieille miaka miwili kabla. Tangu hapo, mtu aliyefyatua baruti nyeusi alikuwa kama anayepunga bendera: wingu jeupe hutanda mbele ya mtutu, adui akajua pa kulenga, naye mfyatuaji mwenyewe akashindwa kuona alichokipiga mpaka upepo uliondoe. Baada ya kila mlio humlazimu kuvuta komeo, kutoa ganda na kupachika risasi nyingine kwa mkono, wakati mwenzake wa Lee-Enfield anaendelea kupiga.

Hata hivyo, tazama mahali palipopiganiwa. Nje ya mji wa Tanga palikuwa na mashamba ya mpira na mkonge pamoja na vichaka vizito, na katika uoto wa namna hiyo watu huonana wakiwa wamekaribiana mno, kiasi kwamba faida ya bunduki inayofika mbali hupotea. Kwa karibu, kichwa cha risasi cha milimita 11 chenye uzito wa gramu 25, yaani kizito kwa mbali kuliko kile cha Lee-Enfield, kilimwangusha mtu papo hapo.

Tena kazi kubwa ya kuua haikufanywa na bunduki hizo. Ilifanywa na bombomu, yaani bunduki za rashasha, zilizotegwa mahali palipochaguliwa mapema. Waingereza walitoa onyo kabla ya kushambulia, na shehena yao wakaishusha polepole, hivyo von Lettow akapata muda wa kuwaleta askari wake kwa garimoshi kutoka Moshi. Wale waliotoka India walikuwa wamesongamana melini kwa wiki kadhaa, na vikosi vyao vingi havikuwahi kufanya mazoezi ya pamoja. Kuna waliopigana vizuri, kwa mfano Wagurkha na kikosi cha Lancashire waliofika hadi ndani ya mji, lakini wengine walivunjika mapema. (Habari za nyuki ni za kweli, ila nyuki waliwauma wa pande zote mbili.)

Msomaji wa Rufiji

Nakubaliana na mengi aliyosema Mjukuu wa Keya, isipokuwa naona anaupunguza uzito wa moshi. Kama bunduki za 1871 zingetosha, von Lettow asingehangaika kiasi kile kuzibadilisha. Tanga yenyewe iliwaachia Wajerumani bunduki mpya mamia kadhaa, bombomu na risasi zaidi ya nusu milioni, vyote vilivyotupwa na Waingereza walipokuwa wakirudi melini. Kisha Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, ilipenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki za kisasa zipatazo 1,800 na mamilioni ya risasi. Manowari ya Kiingereza iliishambulia ikazama kwenye maji mafupi, na shehena ikaopolewa. Iliwabidi wazifungue risasi zilizoingia maji ya chumvi, wakaushe baruti na kuzifunga upya. Hakuna jeshi linalojitaabisha hivyo ikiwa linaridhika na silaha ililonayo. Mizinga ya Königsberg, ile manowari ya Kijerumani, siigusi hapa, maana inastahili mada yake, ingawa anayepita Mombasa anaweza kuuona mmoja pale Fort Jesus.

Mleta mada

Nawashukuru nyote wawili. Basi zile za 1871 ziliendelea kutumika mpaka lini?

Mjukuu wa Keya

Nakubali kukosolewa kuhusu moshi, na jibu la swali hili linampa nguvu mwenzangu. Katika mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, Wajerumani walilishinda shambulio lakini wakamaliza karibu risasi zao zote zisizotoa moshi. Zilizosalia zilikuwa hasa za bunduki za 1871, na von Lettow hakuwa tayari kuingia nazo katika pambano jingine kubwa. Ndiyo maana alivuka mto Ruvuma mwezi uliofuata, akaishambulia kambi ya Wareno ya Ngomano tarehe 25 Novemba, akawanyang'anya bunduki na risasi za kuwatosha askari wake. Tangu siku hiyo ghala lao lilikuwa kambi za adui. Walipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, walikabidhi bombomu 37, ambazo saba tu zilikuwa za Kijerumani, na bunduki 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno.