Biti 12 au biti 14 kwenye Nikon D7200: nichague ipi kwa kazi za Dodoma na Kondoa?

Mleta uzi (Makole, Dodoma)
Wakuu, habari za jioni. Natumia Nikon D7200, na kazi zangu nyingi ni harusi, send-off na mahafali hapa mjini. Hivi karibuni nimepata kazi mbili za aina nyingine, yaani mashamba ya zabibu upande wa Hombolo na michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, ambayo mteja anataka ichapishwe kwa ukubwa wa kujaza ukuta. Kwenye menyu ya kamera, sehemu ya NEF (faili ghafi la Nikon), kuna uchaguzi wa biti 12 na biti 14, yaani wingi wa ngazi za mwanga ambazo faili hurekodi, na kila ninayemuuliza hunijibu kwamba kubwa ndiyo bora, bila kunieleza ubora huo unaonekana wapi. Kinachonisumbua zaidi ni anga. Kiangazi hiki anga la Dodoma halina wingu, na nikilikoleza kidogo kwenye kompyuta linagawanyika matabaka badala ya kufifia taratibu kuelekea upeo. Je, nikihamia biti 14 tatizo litakwisha? Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8 na diski inakaribia kujaa, kwa hiyo nisingependa kubeba mzigo usio na faida.

Mbuyu Mkavu
Weka 14 na uendelee na kazi. Diski ya nje hununuliwa mara moja, ila picha iliyokosa taarifa huwezi kurudi kuidai.

Fundi Lenzi
Kabla hatujabishana, mleta uzi atueleze: matabaka hayo yanatokea kwenye faili la NEF au kwenye JPEG?

Mleta uzi
Kwenye JPEG, mkuu. Kazi za harusi wateja wanataka picha kesho yake, hivyo NEF nimekuwa nikiziwasha mara chache.

Fundi Lenzi
Basi swali la 12 au 14 bado halijafika mlangoni kwako. JPEG hubeba biti 8, yaani ngazi 256 tu kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na bluu. Anga tupu huchukua sehemu ndogo ya ngazi hizo, na unapolikoleza unazivuta zilizopo ziachane zaidi, bila kuongeza nyingine katikati. Ndiyo maana jicho linaona mipaka. NEF ya biti 12 ina ngazi 4,096 na ya biti 14 ina 16,384, na kwa anga lililopata mwanga wa kutosha hata hizo 4,096 zinatosha na kubaki. Angalia pia upande wa kompyuta, kwa sababu wapo wanaopiga NEF vizuri kisha wanaipeleka kwenye programu ya kuhariri ikiwa imewekwa biti 8, na matabaka yanarudi palepale. Fanya uhariri wote katika biti 16, kisha utoe JPEG mwishoni kwa ajili ya mteja. Biti 8 si tatizo kwa picha iliyokwisha. Tatizo ni kuifanyia kazi ukiwa nayo.

Mzee wa Ukumbini
Niongezee kuhusu harusi, maana huko ndiko tunakokula. Ukiwa ukumbini usiku kwa ISO 3200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga), chenga, yaani vidoadoa vinavyotoka kwenye kihisi, ni kubwa kuliko hatua moja ya biti 12, kwa hiyo biti mbili za ziada zinahifadhi chenga kwa uangalifu mkubwa, basi. Gharama yake unaiona papo hapo: D7200 ikiwa kwenye biti 12, kwa mgandamizo usiopoteza taarifa, inapokea picha 27 mfululizo kabla ya kuanza kusuasua, lakini kwenye biti 14 ni 18, na kasi inashuka kutoka picha 6 hadi 5 kwa sekunde. Bibi harusi anapoingia na matarumbeta yamepamba moto, mimi nazitaka zile 27.

Mrangi wa Kolo
Kwa Kolo ninakubaliana na Mbuyu Mkavu, ingawa kwa sababu tofauti. Michoro mingi iko chini ya miamba iliyoning'inia, rangi yake nyekundu imefifia juu ya jiwe, na nyuma yako bonde linawaka jua. Ukitaka fremu moja yenye kivuli cha mwamba pamoja na bonde, utapunguza mwanga ili bonde lisiungue, kisha utainua kivuli kwenye kompyuta. Hapo ndipo biti 14 zinapolipa, kwa kuwa faili ghafi hugawa ngazi kwa upendeleo: nusu nzima huenda kwenye sehemu angavu kabisa, na kila mwanga unapopungua kwa nusu, ngazi nazo hupungua kwa nusu. Kila nusu hiyo tuiite hatua; ukishuka kutoka sehemu angavu hadi hatua ya nane, biti 12 zimebakiwa na ngazi 16 na biti 14 zina 64. Tumia ISO 100 na stendi, maana ukipandisha ISO faida hiyo inayeyuka. Ukijaza fremu kwa mchoro peke yake, kila kitu kiko kivulini na tofauti ya mwanga ni ndogo. Hapo biti 12 zikipata mwanga sahihi hazitakuangusha.

Mbuyu Mkavu
Maelezo nimeyapokea. Mimi nitabaki na 14 hata hivyo, kwa sababu sipigi mfululizo na sipendi kukumbuka kubadilisha menyu.

Fundi Lenzi
Kukumbuka si lazima. Gurudumu la juu la D7200 lina U1 na U2, nafasi mbili za kuhifadhi mipangilio yako. Hifadhi U1 kwa ukumbi, NEF ya biti 12. U2 iwe ya Kolo na Hombolo, biti 14 na ISO 100 isiyojipandisha yenyewe. Kwa faili, tarajia ongezeko la takriban robo, kwa hiyo safisha diski kabla ya safari ya Kondoa.

Mleta uzi
Nashukuru sana. Mzee wa Ukumbini, nikiwa ukumbini niwashe NEF na JPEG pamoja, au NEF peke yake?

Mzee wa Ukumbini
Zote mbili, ila zitenganishe: NEF kadi ya kwanza, JPEG kadi ya pili. Mteja wa kesho asubuhi umpe za kadi ya pili, na zile chache za albamu uzihariri kutoka NEF.