Mama mzazi wa Prince Philip alikuwa wapi miaka yote ile?

mwana_wa_Pangani
Wakuu habari za jioni, wajuvi wa historia naomba mnisaidie. Huyu Prince Philip mume wa Malkia Elizabeth, yule aliyekuja Zanzibar na Nairobi Desemba 1963 kwenye uhuru, nasoma habari zake naona kalelewa na bibi na wajomba na shule za bweni, mama anatajwa mwanzoni halafu anapotea kabisa. Kisha kwenye picha za Elizabeth kutawazwa 1953 namuona mama kavaa nguo za kijivu kama sista wa kanisa katikati ya watu wa mataji na almasi, naambiwa ndio yeye. Sasa mama gani anamuacha mtoto wa miaka 8 anaenda usista? Na baba je? Kuna mtu kanijibu "alikuwa kichaa" kwa kifupi hivyo hivyo, mimi sijaridhika.

Mama Nuru
Hakumuacha mwanangu, alichukuliwa. Tuanzie hapo maana huyu mama kaonewa sana na wanaosimulia.

Anaitwa Alice wa Battenberg, kazaliwa Windsor Februari 1885, Malkia Victoria ni mama wa bibi yake mzaa mama. Alizaliwa kiziwi, akafundishwa kusoma midomo mpaka akawa anafuatilia maongezi ya lugha zaidi ya moja. 1903 kaolewa Darmstadt na Andrew, mtoto wa mfalme wa Ugiriki, wakapata mabinti wanne, Margarita, Theodora, Cecilie na Sophie, na mwisho Philip, Juni 1921 kisiwani Corfu. Mwaka uliofuata Ugiriki ikapigwa na Waturuki, Andrew alikuwa kamanda, akashtakiwa, ikabaki kidogo tu wamuue, akafukuzwa nchini. Meli ya kivita ya Uingereza ikawabeba, Philip kalazwa kwenye sanduku la machungwa, wakaenda kuishi Saint-Cloud pembeni ya Paris kwa hisani ya ndugu.

Sasa 1928 Alice akaingia kanisa la Orthodox, akawa mtu wa sala sana, anasema anapata ujumbe kutoka juu na mikono yake inaponya. Madaktari wakasema skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili. Mei 1930 akapelekwa kwa nguvu hospitali ya Kreuzlingen kule Uswisi, hakutaka na alijaribu kutoka. Freud mwenyewe, yule daktari maarufu wa mambo ya akili, aliombwa ushauri, na ushauri wake ulikuwa apigwe mionzi kwenye ovari. Yaani mama wa watoto watano, kiziwi, kafungiwa, na wanaume wanakaa wanaamua kuhusu tumbo lake! Mume akahamia kusini mwa Ufaransa kula maisha. Mabinti wote wanne wakaolewa kati ya Desemba 1930 na Agosti 1931 na mama hakuona harusi hata moja.

mwana_wa_Pangani
Daah, harusi nne? Hapo nimeumia. Kwahiyo Philip alikutana nae tena lini?

Kalamu Nzito
Kwa kilichowakutanisha bora wasingekutana hivyo mkuu. Novemba 1937 yule binti wa tatu, Cecilie, alipanda ndege na mumewe, watoto wao wawili wa kiume na mama mkwe wanaenda harusi London, ndege ikagonga bomba la moshi la kiwanda kwenye ukungu pale Ostend Ubelgiji, wote wakafa, na Cecilie alikuwa mjamzito mimba kubwa. Kwenye mazishi Darmstadt ndio Alice na Andrew wakaonana mara ya kwanza baada ya miaka 6, na Philip wa miaka 16 anatembea nyuma ya majeneza. Kile kitoto cha kike cha Cecilie kilichobaki nyumbani kikafa nacho 1939.

Mtu aliyeitwa mgonjwa wa akili alitoka kwenye msiba ule akarudi Athens kuhudumia maskini. Vita ikaja, wakwe zake upande wa Ujerumani, mwanae kwenye jeshi la majini la Uingereza, yeye kabaki mjini watu wanakufa njaa anapika supu anagawa. Nasikia jenerali wa Kijerumani alimuuliza amfanyie nini, akamjibu aondoe majeshi yake Ugiriki.

bi_Stumai
Mmeruka kubwa kuliko yote jamani. 1943 Wanazi wanakusanya Wayahudi Athens, Alice akamficha nyumbani mwake mjane Rachel Cohen na watoto wake wawili mpaka mji ukakombolewa Oktoba 1944. Marehemu Cohen, mume wa Rachel, alikuwa mbunge na aliwahi kuisaidia familia ya mfalme miaka ya nyuma, deni likalipwa na huyu mama. Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walipomhoji Alice akajifanya haelewi wanachosema kwa sababu ya uziwi. Ule ulemavu waliomhurumia nao ndio uliookoa roho za watu! Na hakujisifu popote. Mumewe Andrew alifia Monte Carlo Desemba 1944, hawakuwahi kurudiana.

1949 ndio akaanzisha shirika la masista wa kuuguza, nguo za kijivu ulizoona zinatokea hapo.

mwana_wa_Pangani
Asanteni sana. Na Philip alikuwa na kinyongo nae?

Mama Nuru
Kinyongo cha nini, almasi za pete ya uchumba ya Elizabeth zilitoka kwenye taji la Alice. Wanajeshi walipopindua Ugiriki 1967 mwanae akamchukua kasri la Buckingham London, akafia hapo Desemba 1969, na 1988 mwili ukapelekwa Yerusalemu Mlima wa Mizeituni kama alivyoomba mwenyewe. Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, walimtunuku 1993, mwaka uliofuata Philip na Sophie wakaenda kupokea heshima ya mama yao, na Philip akasema anadhani mama yake hakuwahi hata kufikiri kwamba alichofanya ni kitu cha pekee.