Nimelipia tafsiri ya cheti, "cattle" ikageuzwa "Vieh", na maombi yangu ya Ujerumani yamerudishwa

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Niliilipa ofisi moja ya tafsiri hapa Dar es Salaam, yenye mihuri na kibao kikubwa mlangoni, ili cheti changu cha mafunzo ya mifugo kitolewe katika Kiingereza na kuwekwa katika Kijerumani. Cheti kinataja ufugaji wa ng'ombe, na neno lililotumika humo ni "cattle". Kila lilipotokea, mtafsiri ameandika "Vieh". Shamba nililoomba nafasi ya mafunzo limenirudishia maombi likiuliza jambo ambalo lina haki kabisa ya kuliuliza: nimehudumia mifugo gani?

Nilipokwenda kudai marekebisho, nilifunguliwa kamusi ya kwenye simu na kuonyeshwa kwamba "cattle" ni "Vieh", kana kwamba mjadala umekwisha. Haukwisha. "Vieh" ni mifugo kwa jumla. Sheria ya Ujerumani ya afya ya wanyama, Tiergesundheitsgesetz, inapofafanua neno hilo inataja farasi, punda, ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe, sungura, kuku, bata na hata wanyama wa jamii ya ngamia. Wajerumani wenyewe huwaita kuku na bata "Federvieh", yaani mifugo yenye manyoya. Kwa hiyo, kwa mujibu wa karatasi niliyoilipia, huenda miaka yangu yote chuoni niliimaliza nikiwalisha bata.

Ng'ombe kwa Kijerumani ni "Rind", na wakiwa wengi ni "Rinder". Hili lina uzito zaidi katika maombi ya aina yangu, kwa sababu mafunzo ya Tierwirt, yaani mfugaji aliyesomea kazi hiyo, ambayo huchukua miaka 3, yamegawanywa kwa aina ya mnyama: kuna tawi la ng'ombe, la nguruwe, la kondoo, la kuku na jamii yake, na hata la nyuki. Mwombaji anayeleta cheti cha "Vieh" mbele ya mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hajamweleza lolote.

Najua kosa hili lilikotoka, na ndiyo maana siwezi kulisamehe kwa watu wanaojiita wataalamu. Neno "cattle" liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, ambako lilimaanisha mali, na asili yake ni neno lilelile la Kilatini lililozaa neno la Kiingereza la mtaji. Kwa karne nyingi Waingereza waliita mifugo ya kila aina kwa jina hilo. Katika Biblia yao ya mwaka 1611, mifugo ya Yakobo inayoitwa "cattle" ina kondoo na mbuzi ndani yake. Kwa maana hiyo kongwe "Vieh" ingefaa. Lakini cheti changu hakikuandikwa mwaka 1611, na katika Kiingereza cha leo neno hilo ni ng'ombe, huku mifugo kwa jumla ikiwa na neno lake jingine. Kamusi inayoziweka maana zote mbili kwenye mstari mmoja bila mfano wa sentensi inamwachia mtafsiri kazi ya kuchagua, na kazi hiyo ndiyo niliyoilipia.

Nakubali kwamba wafugaji wa Kijerumani husema "Milchvieh" wakiwa na maana ya ng'ombe wa maziwa. Kama ofisi ingeandika hivyo nisingefungua uzi. Iliandika "Vieh" tupu.

Na si hilo tu. Mitamba niliyoitunza wakati wa mazoezi imeandikwa kuwa "junge Kühe", yaani ng'ombe majike wachanga, ilhali "Kuh" ni jike aliyekwisha kuzaa na mtamba huitwa "Färse". Msomaji wa shambani akikuta hapo nilisaidia kupandisha "Kühe" wasiowahi kuzaa, atanidhania sijui ninachokisema, na kosa si langu.

Mafunzo huko huanza Agosti au Septemba, na ofisi sasa inataka nilipe upya kwa sababu, eti, nabadilisha maandishi. Sibadilishi chochote, cheti ni kilekile. Ninachodai ni tafsiri mpya yenye "Rinder" na "Färsen" mahali panapostahili, muhuri mpya, na nisitozwe hata shilingi moja. Wenzangu mliowahi kutafsiriwa vyeti vya kilimo au mifugo kwa Kijerumani, tafadhali nielekezeni kwa ujumbe wa faragha kwa mtafsiri ambaye, kabla ya kuandika, atauliza ni mnyama gani.