Presently ni "sasa" au "baadaye kidogo"? Mtoto kakatwa alama, tujadili kwa hoja

Mleta mada

Wakuu habari za muda huu. Naleta hili hapa maana kwenye grupu la familia tumeshindwana, shemeji kaleft na mpaka sasa hajarudi.

Iko hivi. Binti wa dada yangu yuko kidato cha tatu, kwenye mtihani wa Kiingereza kaandika sentensi hii: The headmaster is presently in a meeting. Ticha kaikata kwa wino mwekundu, pembeni kaandika presently maana yake ni soon, ulitakiwa uandike currently. Alama imeenda. Dada kaja juu anasema ofisini kwao kila barua inaandikwa presently kwa maana ya sasa na bosi wake amesomea nje, shemeji yeye yuko upande wa ticha anasema bosi kusomea nje siyo hoja, na hapo namuunga mkono, siyo hoja kweli.

Msimamo wangu mimi: ticha kamwonea mtoto. Siyo kwa sababu ya barua za ofisini, ila kwa sababu maana aliyoitumia yule binti ni ya zamani kuliko hiyo anayoitetea ticha.

Neno lenyewe limebeba present ndani yake, wakati uliopo. Lilianza hivyo tangu Kiingereza cha zama za kati, ni "kwa wakati huu". Halafu likabeba na maana ya "papo hapo", bila kuchelewa. Fungueni Biblia ya King James ya mwaka 1611, Mathayo 21, pale Yesu anaulaani mtini. Imeandikwa "presently the fig tree withered away". Sasa ukisoma kwa maana ya ticha, mti ulikauka baadaye kidogo, muujiza wote unapungua nguvu! Mstari unaofuata wanafunzi wanashangaa, "how soon is the fig tree withered away", na hapo soon nayo ni papo hapo, hawashangai kwamba umechelewa. Nenda na Mathayo 26, Petro keshachomoa upanga (jina lake liko kwa Yohana), Yesu anamwambia nikimwomba Baba yangu atanipa presently zaidi ya majeshi kumi na mawili ya malaika. Mtu yuko mbele ya watu wenye panga na marungu, huo siyo muda wa malaika wa baadaye kidogo.

Maana ya soon ilishaanza kujipenyeza tangu karne ya 16, ikakua taratibu mpaka ikatawala kwenye maandishi ya Uingereza. Ile ya "sasa" haikufa, Scotland waliendelea nayo kama kawaida, Marekani leo ipo kila mahali. Samuel Johnson kwenye kamusi yake ya 1755 kaziweka zote, na ya kwanza kabisa ni at present, now. Ya pili ndo immediately, soon after. Kwa hiyo huyu ticha anamkatalia hata Johnson.

Na kinachonifurahisha siyo presently peke yake. Angalieni haya maneno: soon, kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa sona, maana yake mara moja. Anon, lilikuwa mara moja. By and by, lilikuwa mara moja, na hili ndo kituko, kwa sababu kwenye Marko 6 yule binti wa Herodia akitaka kichwa cha Yohana Mbatizaji kwenye sahani, King James imeandika "give me by and by". Mtu wa leo akisoma anaweza kudhani binti ana subira, mfalme wee usijisumbue, ukipata nafasi tu. Wakati Biblia inasema aliingia kwa haraka na alikitaka hapo hapo! Directly nayo, sehemu nyingine za Uingereza na kusini mwa Marekani mtu akikwambia nakuja directly, we vuta kiti ukae.

Yaani kila neno Waingereza walilolipanga limaanishe "sasa hivi", likikaa mtaani miaka mia kadhaa linageuka "subiri". Sababu ni sisi binadamu. Mtu anaitwa, anajibu naja mara moja, halafu haji. Akifanya hivyo yeye na jirani yake na watoto wao, anayesikiliza anajifunza kwamba neno hilo maana yake ni kusubiri. Kamusi inakuja mwisho kabisa kuandika kilichokwishatokea. Shakespeare ameionyesha kwenye Henry IV sehemu ya kwanza, kuna kijana wa baa anaitwa Francis, mtoto wa mfalme kamshika kwa maneno huku, rafiki yake anamwita kutoka chumba kingine, Francis! Kijana anajibu "anon, anon, sir" na haendi. Anaitwa tena, anon sir. Haendi. Mpaka mwisho kasimama katikati hajui aende wapi, mwenye baa anakuja kumfokea. Sasa wateja wakisikia anon za namna hiyo kila siku, neno litabaki na "papo hapo" yake kweli?

Haya, anayeona ticha yuko sahihi aje na hoja, siyo matusi. Nawasilisha.

Chaki Nyeupe

Mkuu umeandika vizuri ila mimi nasahihisha madaftari, wewe husahihishi. Unaleta King James kwenye mtihani wa kidato cha tatu? Darasani nina watoto wengi kuliko viti, kila swali lazima liwe na jibu moja linaloeleweka, na vitabu tulivyofundishia sisi vinasema presently ni soon na currently ni sasa. Mtoto akijua hiyo tofauti anaandika vizuri. Nikianza kukubali kila maana iliyowahi kuwepo duniani tangu 1611 basi nikubali na thou na thee, zile "wewe" za kizamani, maana nazo zimo humo humo kwenye Biblia yako.

Halafu hili suala la "lugha hubadilika" linatumika vibaya sana siku hizi. Literally ilikuwa na maana ya neno kwa neno, leo mtoto anakwambia I literally died na yupo hapo anakula chipsi. Kosa likizoeleka mnalipamba mnaliita mabadiliko. Sasa sisi walimu tunalipwa kufanya nini?

Mtu wa Rongai

Hehe hapa Kenya hii story ni ya kila siku. Mtu anakushow "niko hapo saa hii" na ukiskiliza kwa simu unaskia bafu. Saa hii ilikuwa saa hii, siku hizi ni kuanzia dakika kumi mpaka lisaa. Mleta mada ako right, ni tabia zetu zinaharibu maneno si maneno yanajiharibu.

Mleta mada

Chaki Nyeupe nakuheshimu kaka, tatizo la madarasa kujaa nalielewa na sitaki nionekane nambeza mwalimu. Lakini hoja yako ya thou haikai. Thou haitumiki tena kwenye barua za kawaida, presently kwa maana ya sasa inatumika leo asubuhi kwenye magazeti ya New York na Delhi. Siyo kwamba namfufua maiti, yuko hai anatembea.

Na tazama, umesema kosa likizoeleka. Kwenye hii kesi kilichoanza kama uzembe ni hiyo soon YAKO. Neno lilikuwa na maana ya sasa na papo hapo, watu wakawa wanachelewa, likawa baadaye kidogo, vitabu vikalikubali. Sasa unamkata alama mtoto ambaye hakuchelewa!

La literally naomba tusilichanganye ingawa umelileta. Nalo siyo la vijana wa chipsi, Frances Brooke kaliandika kwa mafumbo kwenye riwaya yake ya mwaka 1769, Dickens kalitumia kwenye Nicholas Nickleby, mwalimu mkatili Squeers kamtazama mtoto aliyetoroka, mwandishi anasema "literally feasted his eyes", na macho hayali. Mwaka 1909 kuna Mmarekani anaitwa Ambrose Bierce alilalamika kwenye kijitabu chake kama unavyolalamika wewe leo, miaka mia na zaidi na neno halijamsikiliza. Hata very mwanzoni ilikuwa na maana ya kweli kabisa, imetoka Kifaransa cha zamani, leo ni "sana" tu na hakuna anayelia.

Wakili wa Kitaa

Mnacheza na alama moja, mimi nimeona watu wakigombana juu ya hela. Kwenye mkataba usiandike presently kabisa, wala soon. "The supplier shall presently deliver" ni maafa, mmoja anasema nilitakiwa nilete leo, mwingine anasema nilikuwa njiani. Hata forthwith na immediately, yaani "mara moja", ambazo mnadhani ni ngumu kama chuma, majaji wa mfumo wa Kiingereza mara nyingi wamezisoma kwamba ni ndani ya muda unaofaa kutokana na mazingira. Yaani mahakama nayo imekubali binadamu anachelewa. Ndo maana mkataba mzuri unaandika siku saba tangu tarehe ya kusaini, basi, hapo neno halina pa kujificha.

Kwa hiyo mimi niko katikati. Kihistoria mleta mada yuko sawa, ila neno lenye maana mbili zinazogongana mtu mwenye akili analikwepa.

Kaka Mkubwa

Mleta mada umesahau Marko 11. Huko mtini umelaaniwa, wakapita, wakaja kuuona umekauka asubuhi yake. Kwa hiyo presently ya Mathayo kumbe ilikuwa kesho 😂 ticha apewe alama zake.

Mleta mada

Kaka Mkubwa umenivunja mbavu. Hilo waachie wachungaji.

Wa Ughaibuni

Niko Johannesburg mwaka wa ngapi sijui. Huku mtu akikwambia just now usisimame mlangoni. Just now ni baadaye, inaweza kuwa jioni. Now now ndo karibu kidogo. Ukitaka sasa sasa sema now, na bado hauna uhakika. Mgeni wa kutoka Uingereza anaumia sana maana kwao just now ni sasa hivi au muda mfupi uliopita. Na siyo Kiingereza tu, Wahispania nao luego yao ya zamani ilikuwa papo hapo, leo ni baadaye, ile hasta luego ya kuagana.

Chaki Nyeupe

Sawa, nimesoma yote. Naomba mniambie kitu kimoja maana hapa mnaongea historia na mimi kesho naingia darasani. Kwa nini Waingereza wasikae chini wakaamua? Sisi tuna BAKITA tangu 1967, Wafaransa wana akademia yao tangu 1635. Hawa wenye lugha ya dunia nzima wanaacha neno linakuwa na maana mbili zinazopingana halafu mzigo unaniangukia mimi Mtanzania.

Mleta mada

Walijaribu kufikiria. Mwandishi Jonathan Swift, 1712, aliandika pendekezo kabisa kwa mkubwa wa serikali ya Malkia Anne kwamba iundwe kamati ya kuisafisha lugha na kuigandisha isibadilike tena. Malkia akafa 1714, serikali ikabadilika, ikaishia hapo. Na Johnson mwenyewe alianza kamusi akiwa na matumaini ya kuigandisha, kwenye dibaji ya 1755 kakiri haiwezekani, kawacheka wanaodhani kamusi itaihifadhi lugha isioze kama maiti iliyopakwa dawa. Na hata sisi wenye BAKITA, nani amewahi kuizuia "sasa hivi" isigeuke? Fundi akikwambia namalizia sasa hivi, wewe unaenda kukaa pale dukani kwake au unarudi nyumbani?

Kuhusu darasa lako la kesho, mimi ningetazama kitenzi. Presently ikikaa na is au are na jambo linaendelea, ni sasa, hakuna namna nyingine ya kuisoma. Mwalimu mkuu yuko kwenye kikao, hawezi kuwa "yuko" baadaye kidogo. Ikikaa na will au shall, ni hivi punde. He will presently return. Ikikaa kwenye hadithi ya wakati uliopita, presently he heard a noise, ni "baada ya muda kidogo". Sentensi yenyewe inakwambia.

Chaki Nyeupe

Na hii je: The doctor is presently coming to see you. Ina is. Anakuja sasa au baadaye?

Mleta mada

Hapo umenipata, hiyo inasomeka pande zote mbili. Hiyo mtoto akiiandika mwambie aibadilishe, na umweleze kwa nini, usiandike tu soon kwa wino mwekundu ukapita.

Chaki Nyeupe

Basi tukubaliane hivi. Sentensi ya huyo binti ningempa alama yake. Ila kwenye ubao naendelea kuandika currently kwa sasa na soon kwa baadaye, maana mtihani wa taifa hausahihishwi na wewe mkuu, na sijui atakayelikuta daftari lake amesoma kitabu gani.

Wakili wa Kitaa

Mleta mada, shemeji amerudi grupuni?

Mleta mada

Kasema anarudi sasa hivi.